Hapana ya Tatu

Kule Minnesota, mtu akikukaribisha kahawa unasema hapana. Akirudia, unamwambia asijisumbue. Akirudia mara ya tatu unasema haya basi, tone tu, kisha unamaliza vikombe viwili na mkate wa mdalasini juu yake. Anayepokea mara ya kwanza ama ni mroho ama ametoka Chicago. Orrin Tveit alizaliwa huko na akazeekea huko, na hakuna aliyewahi kumsikia akipokea kitu, wala akilalamikia kitu, bila kubembelezwa kwanza.

Mwezi wa nne aliuza ng'ombe wake wote. Magoti yalikuwa yamemgomea, na watoto walikwisha kuhamia mijini. Lakini aliendelea kuamka alfajiri, akavaa mabuti, akaenda kukaa katika banda tupu la kukamulia. Akirudi, hali chakula. Alikonda mpaka suruali ikabaki kushikiliwa na kanda za mabegani na heshima yake. Mkewe, Lavonne, alimuuliza kila siku kama yu mzima, na kila siku akajibiwa, "Si mbaya." Mwishowe alichoka kuuliza, akamtuma kwa Jolene.

Jolene Haugdahl alikuwa muuguzi aliyesomea maradhi ya akili mpaka akapewa ruhusa ya kupima na kuandika dawa mwenyewe. Alitibu watu juu ya duka la mbegu. Mjini walimtania kwamba ukimwendea na huzuni atakuuliza umekula nini, unalalaje, na mara ya mwisho umeimba lini, na dawa ataikumbuka umeshavaa koti. Orrin alimjua tangu akiwa mtoto wa jirani, anatumbukia katika birika la kunyweshea ng'ombe.

"Nimekuja kuchukua vidonge vya usingizi tu," alisema Orrin, kofia mkononi. "Nisikupotezee muda."

"Muda wako ni saa nzima, Mzee Orrin. Lavonne amesema nifunge mlango. Kahawa?"

"Hapana, asante."

"Ipo tayari."

"Usijisumbue, binti."

"Nitaimwaga, basi."

"Haya, tone tu," alisema Orrin, akapokea kikombe kilichojaa hadi ukingoni.

Jolene aliuliza anakula nini, na Orrin akajibu kwamba anakula. Akauliza analalaje, akajibiwa kwamba analala kitandani. Kwaya ya kanisa? Kwaya ina watu wa kutosha. Orrin alijiona anashinda. Kisha Jolene akamuuliza kama kuna kitu kingine anachomeza, naye akatoa mfukoni pakiti ya chai ya maua ya manjano, aliyoinunua Lavonne kwa kuwa imeandikwa kwamba inaondoa huzuni.

"Watu hudhani majani hayana nguvu," alisema Jolene. "Haya yanazo, na hapo ndipo penye kazi. Yakikutana na kidonge ninachofikiria kukupa, yatakudhuru. Itabidi chai iachwe."

"Nimwambie Lavonne chai yake haifai? Afadhali nife," alisema Orrin, akacheka.

Jolene hakucheka. "Unafikiria kufa?"

"Hapana. Natania tu."

Jolene hakubisha. Alimfunga mpira mkononi ili atoe damu ya kupima, akawa anatafuta mshipa.

"Unafikiria kufa, Mzee Orrin?"

"Usijisumbue na hayo."

Sindano iliingia, na Orrin akasikia alichokisema. Lilikuwa jibu lake la kahawa, lile la pili. Akainamia viatu vyake, akatumaini kwamba binti hakulitambua.

Saa ikaisha, wakaanza kuagana. Kuagana kwa huko ni kazi nyingine: wakasimama wakazungumzia mahindi, mvua, nyonga ya baba yake Jolene. Mkono wa Orrin ulikuwa umeshashika kitasa cha mlango.

"Mzee Orrin," alisema Jolene polepole. "Unafikiria kufa?"

Orrin aliachia kitasa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye kifo alikuwa amekificha pamoja na maradhi.

"Kidogo," alisema. "Tone tu."

Jolene akamrudisha kitini. Safari hii walizungumza kweli, na wagonjwa waliofuata wakangoja. Orrin alipotoka alikuwa na kidonge cha kuanza nacho, siku ya kurudi ndani ya wiki hiyohiyo, na kazi ya kila alfajiri: kunywesha ndama wa jirani yake Delmar. Bunduki ya kuwindia iende kwa Delmar leo. Na Lavonne aambiwe leo.

"Akiniuliza nitamwambia."

"Akikuuliza mara ya ngapi?" alisema Jolene.

Lavonne alikuwa jikoni anamenya viazi. "Haya, amesemaje?"

"Anakusalimu," alisema Orrin, akakaa kungoja swali la pili.

Halikuja. Mkewe alimgeuzia mgongo, akaendelea na viazi vyake, na Orrin akaogopa. Alikuwa amemchosha. Miezi yote hii mwanamke huyu amegonga mlango na yeye hakufungua, na sasa amekaa hapa anashangaa kwamba hodi imekoma. Hakujua namna ya kutoa neno ambalo halijabembelezwa.

"Kuna kahawa," alisema Lavonne kwa mazoea, bila kugeuka.

"Ndiyo," alisema Orrin. "Nipe."

Kisu kikaacha kumenya. Katika ndoa yao yote Lavonne hakuwahi kusikia jambo kama hilo. Alizima jiko, akaja kuketi mbele yake, uso umembadilika.

"Orrin. Una nini?"

"Mimi si mzima, Lavonne. Nimekuwa nikifikiria kufa, na sitaki. Jolene anasema bunduki iende kwa Delmar leo."

Lavonne alimshika mkono kwa mkono wake uliolowa maji ya viazi, akalia, naye Orrin akalia, watu wawili ambao hata mazishini hujifanya wana mafua. Kisha akakumbuka.

"Na ile chai yako anasema niache."

"Chai yangu ina kosa gani?" Lavonne alijifuta macho kwa aproni. "Kwa hilo tutagombana kesho."

"Kesho," alisema Orrin, na hakungoja kuambiwa mara ya pili.