Namba ya Nyuma ya Kitambulisho

Pale chuoni wanafunzi walimwita Mzee Geuza, na wengi hawakujua kama ana jina lingine. Miaka kumi na tisa alikuwa amelinda mlango wa maktaba, na kila aliyemwonyesha kitambulisho aliambiwa neno moja tu: geuza. Namba ya maktaba iko nyuma. Mbele kuna picha na namba ya usajili, na picha yeye hana haja nayo. Mtu hunyoa ndevu, mtu hunenepa, lakini namba ni ileile.

Jumamosi hiyo hakuwa zamu. Alikuwa nyumbani kwa bintiye, amempakata mjukuu wa siku tisa, anajiona mfalme. Binti alijifungua kwa upasuaji, hata kitini alikaa kwa tahadhari, na bado alikuwa na sura ya pili ya tasnifu ya kuwasilisha kabla ya saa kumi jioni. Msimamizi wake alishamwambia bila kupepesa macho: kuna makala moja ya utafiti lazima aisome na kuijadili, bila hiyo sura haipokelewi, wakutane mwakani. Makala yenyewe binti aliiona mtandaoni, kichwa na muhtasari, basi. Akibonyeza aendelee anaambiwa hana kibali.

"Hapo umepitia dirishani," baba akasema.

"Baba, hii ni kompyuta."

"Kwani mimi nimesema ni mbuzi? Usianzie huko kwenye jarida. Anzia ukurasa wa maktaba. Kuna mahali pameandikwa 'Niko nje ya chuo'. Bonyeza hapo, ujitambulishe, ndipo utafute makala yako."

Binti akamkodolea macho. Meza ya mkutubi ilikuwa hatua mbili kutoka kiti cha mzee, na somo hilo alilisikia kila siku ya Mungu mpaka akalijua nje ndani. Kuna aliyewahi kumuuliza? Hakuna. Mlinzi si wa kuulizwa mambo ya makala.

Ukurasa ukafunguka, ukataka namba na neno la siri. Binti akaandika, ukakataa. Akaandika tena, polepole, ukakataa. Mara ya nne yakatokea maandishi mekundu: imebaki nafasi moja, ukikosea utafungiwa mpaka Jumatatu. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Akapiga simu maktaba, ikaita weee, hakuna wa kupokea, maana Jumamosi meza ile hufungwa saa sita mchana.

"Mwaka mzima, baba," akasema, na machozi yakamtoka. "Mwaka mzima kwa ajili ya makala moja."

Mzee yalimwingia. Akamlaza mtoto kitandani, akasogea.

"Unaandika namba gani?"

"Ya usajili. Si ndiyo namba yangu?"

Nusura acheke. Watoto hawa! Kompyuta za mle maktaba hazimuulizi mtu namba, na mlangoni anayeisoma ni yeye, siyo wao. Wamegeuza vitambulisho miaka nenda rudi na hawajui wanageuzia nini.

"Kilete. Geuza."

Tarakimu ya mwisho ilikuwa imefifia. Binti akasema tatu, baba akasema nane. Mzee akakipeleka dirishani, akakiinamisha kidogo kidogo kwenye mwanga, kama anavyofanya kwa vile vilivyofuliwa mfukoni mwa suruali.

"Nane."

"Na kama siyo?"

"Kama siyo, Jumatatu navua sare nikaendeshe maisha mengine."

Binti akaandika nane, akabonyeza. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, kisha ukafunguka, na jina la bintiye likatokea juu. Baada ya muda mfupi makala ilikuwa mbele yao, kurasa ishirini na sita, nzima nzima. Mzee alijisikia fahari mpaka shati likambana.

Binti akasoma, akaandika aya zake, akatuma saa kumi kasoro dakika mbili. Kisha akafungua kundi la darasa kwenye simu. Wenzake wanne walikuwa wanalia kilio kilekile. Akabonyeza kitufe cha sauti.

"Tumieni namba ya nyuma ya kitambulisho. Nimeelekezwa na Mzee Geuza. Ni baba yangu mzazi."

Mzee akashtuka. Tangu mwaka wa kwanza yeye mwenyewe ndiye aliyeshikilia wasimwambie mtu kwamba ni baba na mwana, asije akasikia mwanawe anapitishwa kwa upendeleo.

"Mama, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana, baba. Leo nimeshindwa kunyamaza."

Jibu likaingia, sauti ya kijana anayecheka: "Wewe, acha masihara. Baba yako gani? Si ndiye aliyekurudisha hosteli kwenye mvua ukafuate kitambulisho, siku ya mtihani?"

Binti akamtazama baba. Baba akajifanya anaweka sawa shuka la mtoto.

"Huyohuyo," binti akajibu, kwa sauti ya mtu anayetaja cheo.