Saa Moja ya Ataa Okpoti

Ataa Okpoti wa Accra alipima viwanja vya watu kwa miaka thelathini na minne, na hesabu alizisoma shule ya usiku, baada ya kazi. Kwa hiyo mpwa wake Tettey alipotaka kwenda Lagos kumposa Morenike, hakuna aliyethubutu kupanga safari ila yeye.

Wakwe walitoa sharti moja tu: saa sita mchana kamili, la sivyo lango linafungwa na posa inarudi ilikotoka.

"Twende na ndege ya saa mbili, mjomba," Tettey alisihi.

"Tukakae kwa watu tangu asubuhi kama wapishi?" Ataa alitandaza ramani, akanyoosha uzi kutoka uwanja wa ndege wa Accra hadi wa Lagos. "Kilomita mia nne. Kupaa, kwenda na kutua, dakika hamsini na tano. Tunaondoka saa nne, saa tano kasoro tano tumeshatua. Na nyumba yao iko jirani na uwanja."

Dada yake Korkor, mama wa Tettey, aliinua tiketi. "Hapa wameandika tutafika saa sita kasoro tano."

"Wamekosea! Saa mbili kwa kilomita mia nne? Ndege hiyo inavutwa na punda?"

Ndege ilitumia dakika hamsini na tano, haikuzidi hata moja. Ataa aliwaonyesha abiria wote saa yake ya mkononi. Pasipoti zikagongwa mihuri, akasimama kung'arishwa viatu, akiwakemea wenye haraka. Kisha, kwenye mlango wa kutokea, wakaiona saa ya ukutani: saa saba kasoro robo.

"Hata hii wameikosea," alinong'ona.

"Tiketi imekosea, ukuta umekosea," alisema Korkor. "Aliye sawa ni wewe tu, kaka?"

Hapo ndipo Ataa alipokumbuka kwamba Lagos inaitangulia Accra kwa saa nzima. Akatimua mbio na viatu vyake vinavyong'aa.

Walikuta lango limefungwa. Tettey na marafiki zake waliomsindikiza wakalala kifudifudi, kama desturi ya huko inavyomtaka bwana harusi. Iya Bolatito, msemaji wa upande wa binti, alichungulia katika tundu la lango.

"Kijana amelala vizuri. Lakini safari hii aliipanga nani?"

Korkor alifungua kinywa aisingizie ndege. Ataa akamshika mkono.

"Ndege haikuchelewa, mama. Ni mimi. Nilipima njia, nikapima mwendo, nikasahau kwamba jua linaanza kwenu."

Na mzee wa miaka sabini na mmoja akalala chini, kifua mavumbini, na kitenge chake kilichopigwa pasi.

"Haa! Baba, inuka! Kwetu mzee hawalalii watoto!" Iya Bolatito alikuwa anacheka mpaka machozi. "Nimesikia foleni, nimesikia mvua, nimesikia pancha. Mtu mzima kusema 'ni mimi', leo ndiyo mara ya kwanza. Fungueni!"

Posa ilikubaliwa, wakala, wakacheza mpaka jua likazama.

Kesho yake waliondoka Lagos saa nane kamili. Magurudumu yalipogusa Accra, rubani akatangaza kuwa ni saa nane kasoro dakika tano.

"Korkor! Wamenirudishia saa yangu! Tumefika kabla hatujaondoka!"

"Kaka," alisema Korkor akifungua mkanda, "usianze tena."