Tumbo la Kenge

Taa ya kima iliungua asubuhi, mvua ikinyesha, na dukani taa za joto zilikuwa zimekwisha. Daktari wa kituo chetu cha wanyama akaniambia nichukue ya kenge.

“Kima bado mchanga, baridi itamuua. Kenge atalala tu mpaka kesho, taa zije.”

Nikachukua. Wote wawili jamii zao zimebaki za kuhesabika, ila hawafanani hata chembe. Kima akibanwa na njaa, mtaa mzima unajua. Kenge, mrefu kupita kitanda changu, hata akiumwa hasemi. Mimi humsoma ulimi: nikifagia chumba chake, nahesabu anautoa mara ngapi. Kwa kawaida kumi na kitu. Saa nne aliutoa mara mbili. Saa tano, kimya. Na tumbo limevimba upande mmoja.

Siku yake ya kula ni Jumamosi. Leo Ijumaa.

Nikamkimbilia stoo mwenzangu tunayemwita Funguo.

“Kaka, umemlisha kenge?”

“Jana jioni, mguu mzima wa mbuzi. Kesho shemeji anaoa, nikaona nimalize kabisa. Kwani kushiba dhambi?”

“Ameshiba, nasi tumemnyima joto! Nyama itamwozea tumboni.”

Kicheko kikamkauka mdomoni.

Daktari hakupenda nilipomwomba taa irudi kwa kenge. “Nikirudisha taa, kima akafa, utajibu wewe, binti?”

“Kima ana joto lake, daktari, anataka wa kumkumbatia tu. Nitambeba mimi. Kenge nani atambeba?”

Alinitazama, mimi niliyeishia darasa la saba. Kisha akaingia kwa kenge, akalibonyeza lile tumbo. Alipotoka hakunitazama tena.

“Rudisha taa. Upesi.”

Nikamfunga kima kifuani kwa shuka, juu nikavaa sweta. Akapiga kelele, akaning’ata kidevu, akanikojolea. Sikujali, anayelia yupo hai. Nikakaa mbele ya kioo cha kenge. Saa saba. Saa nane. Funguo alisimama nyuma yangu, funguo zake kazibana kiganjani zisilie.

Saa tisa kasoro, ncha ya ulimi ikachungulia, ikarudi.

“Ametoa?” akanong’ona Funguo.

“Moja.”

“Moja tu?”

“Nyamaza, kaka. Nahesabu.”