Mtani na Simu ya Plastiki

Simu ya kitoto inataka vidole vikavu. Niliiokota kwenye rundo la mitumba, nikaifungua mgongo, nikakata njia moja ya umeme na kuchomelea nyaya mbili zinazotokeza nje kwenye misumari midogo. Ukiishika misumari hiyo kwa vidole, umeme unapita mwilini mwako, na kile kisauti kinachoimba "halo, halo" kinashuka mpaka kinakuwa mngurumo. Kidole kikiwa na jasho, kisauti kinapanda tena kama panya aliyebanwa na mlango. Na mimi siku ile ya msiba nilitoka jasho tangu nyumbani Bigwa hadi Mgeta milimani.

Hiyo ndiyo kazi yangu, na maswali yake nimeyachoka. Nanunua vinanda vya plastiki, mbwa wa betri wanaobweka na magari ya polisi ya kuchezea, navipasua, navitengeneza upya viwe ala za muziki ambazo hazipatikani duka lolote, kisha napiga na wanafunzi wa chuo wanaopenda kelele. Sufiani, mwanamume tuliyekubaliana kuoana, anaipenda kazi hii. Baba yake, Mzee Rehani, hakuipenda. Alikuja kwangu mara moja, akamtazama mdoli aliyelala mezani tumbo wazi, akaguna "Mmmh" kwa kifua chake kizito, akaaga. Posa ikabaki haijaletwa, inasubiri neno lake, na neno halikutoka.

Kisha Sufiani akapiga simu kwamba baba amefariki na anazikwa siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Nililia, sitaki kusema uongo, nililia kwa ajili yake na kwa ajili yangu pia. Neno la posa kwa upande wa baba sasa lilikuwa la shangazi yake, Bi Mwaisha, dada mkubwa wa marehemu, ambaye alikuwa hajaniona hata siku moja. Angeniona kwa mara ya kwanza msibani, na kwa atakachokiona huko angenikubali au angeninyima mume.

Nikapata lori la fuso linalopanda milimani tupu kwenda kupakia kabichi. Njiani ndipo lilipokuja wazo la utani. Mimi na Sufiani ni watani kwa koo zetu. Hata kujuana kwetu kulianza hivyo, aliponiita mtumwa wake mbele ya watu nami nikamjibu kwamba babu yangu alimnunua babu yake kwa ndizi mbivu. Marehemu mama yangu alikuwa mtani wa kutegemewa. Msibani alivaa koti la marehemu, akatembea kama yeye, akagomba kama yeye, mpaka wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Mtani akikaa kimya msiba unapooza, na watu husema hakulelewa. Mimi mdomo wa mama sikurithi. Nilikuwa na ile simu ya kitoto tu mkobani, nikawa naifuta misumari yake kwa kanga kila kona ya barabara, na kila nilipojaribu kuigunisha kama mzee ilinililia kama kifaranga.

Nilipofika wanaume walikuwa wameshabeba jeneza kwenda makaburini, Sufiani akiwa nao. Wanawake walikaa ndani kwenye mikeka. Upande mmoja alikuwepo mjane, Bi Chausiku, mama yake Sufiani, na ndugu zake. Upande wa pili dada za marehemu na binti zao, Bi Mwaisha akiwa karibu na mlango. Nikatoa shikamoo, nikatoa pole, nikaketi. Bi Mwaisha alinitazama kuanzia miguuni. Nikafikiri, Raya, ukikaa hivi hivi wataona Sufiani amewaletea gogo.

Nikainuka. Kofia ya mzee ilikuwa imetundikwa ukutani, nikaivaa. Nikaweka simu sikioni, nikabonyeza. Ikapiga kelele ya panya, mtoto mmoja akashtuka. Nikafuta vidole, nikashika tena.

"Mmmh," ikaguna simu.

Alikuwa ni yeye kabisa, kifua na kila kitu. Nikawatangazia kwamba Mzee Rehani anapiga kutoka huko aliko, anauliza kabichi zake zinapaliliwa na nani kama wote mmekaa mnakula wali. Bi Chausiku akacheka. Akajifunika uso kwa ukaya, akacheka mpaka mabega yakatikisika, kisha kicheko kikageuka kilio, na wenzake wakamshika. Hapo nikaona nimeuweza. Nikaendelea: mzee anasema kaburi lina baridi, mjane ampelekee blanketi lile jipya alilomficha. "Mmmh," ikasema simu.

Kumbe ulikuwa unacheka upande mmoja tu. Upande wa Bi Mwaisha walikuwa wanaitazama kofia kichwani mwangu.

"Binti," akasema Bi Mwaisha, "wewe ni mtani wa nani humu ndani?"

Nikajibu wa marehemu, wa ukoo wa kina Sufiani.

"Sufiani ni wa ukoo wa mama yake, kama kila mtoto wa Kiluguru. Kaka yangu ni wa ukoo wa mama yetu. Sisi na nyinyi hatutaniani."

Mimi mwenyewe nina ukoo wa mama, lakini baba yangu ni mwalimu aliyetoka Songea, na siku zote nilidhani nafuata ukoo wa mama kwa sababu baba si Mluguru. Mtu anaitwa Sufiani Rehani, nani angewaza kwamba yeye na Rehani ni koo mbili? Kila mtu pale aliwaza, isipokuwa mimi. Nilikuwa nimevaa kofia ya maiti ya watu na kumkejeli mbele ya dada zake. Vidole vilikuwa bado kwenye misumari, vimelowa, na sauti ya ile simu ikaanza kupanda, kupanda, nisiione swichi ilipo. Nikang'oa betri kwa kucha. Nikavua kofia.

Bi Chausiku akajaribu kuniokoa, akasema mimi ni mtani wake yeye na nilikuwa namtania yeye. Bi Mwaisha akamwambia wifi yake apumzike. Aliyegunishwa si mjane, ni marehemu.

Kisha akanigeukia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Hili ni tusi. Akilifanya mgeni, tunalisamehe, kwa sababu mgeni hajui. Anakunywa uji, anakwenda zake. Akilifanya mke wa mtoto wetu, hatulisamehe, tutamkumbusha mpaka azeeke. Sasa niambie wewe ni nani, nijue la kukufanya."

Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Fuso lingeshuka jioni na mzigo wake, na ningeweza kuwa nimesamehewa kabla halijafika bondeni. Sikumtazama Bi Chausiku, maana angenionea huruma, na huruma ingenishusha kilimani.

"Mimi ni mke wa Sufiani," nikasema.

Hakuna aliyekuwa ameniposa, na wote mle ndani walilijua hilo. Bi Mwaisha akavuta kanga yake magotini.

"Basi hujasamehewa," akasema. "Nenda nyuma ukachote maji. Wanaume wakirudi makaburini watanawa, na mkwe ndiye anayewamiminia."