Ampli Inayokoroma

Alimasi alisimama mlangoni pa sebule yetu, akakataa kiti.

"Mama Evariste, munisamehe. Boti ya Bukavu inaondoka saa sita, na sijui kama kesho kutakuwa boti. Kati ya hizi mbili nabeba moja. Semeni ni gani."

Zote mbili zilikuwa mezani: ampli yetu ya zamani ya kukuzia sauti ya muziki, nzito kama jiwe la volkano, na mpya ya Alimasi, nyembamba, yenye taa ya buluu. Alimasi anauza vyombo vya muziki kule Majengo. Alikuwa ametuachia mpya wiki moja tuijaribu. Tukiipenda, angechukua ya zamani pamoja na mbuzi wetu wa Pasaka. Wiki iliisha Ijumaa hiyo, na Ijumaa hiyo mabomu yalikuwa yanalia upande wa Sake tangu alfajiri.

"Tunachukua mpya," alisema mwanangu Evariste. "Mama, ile ya zamani inakoroma. Mutu akibusu mukewe mu filme, unasikia kama anakula muhindi wa kuchoma."

Rosine, mke wake, akacheka. Hicho ndicho kilikuwa kicheko cha kwanza ndani ya nyumba siku hiyo, tena kilikatika katikati.

Ni kweli inakoroma. Bafle zake, yaani spika, tumeshabadilisha mara mbili na bado inakoroma. Lakini mimi nilikuwa na kaka barabarani.

Kaka yangu Kamate ana ukungu machoni. Vita vilimtoa kwenye shamba lake la vitunguu karibu na Sake, akaangukia kambi ya wakimbizi ya Mugunga. Nimemwambia mara ngapi aje akae nasi hapa Mabanga! Jibu lake ni lile lile: "Mjomba ndiye anamulisha mupwa wake. Mie nikale kwa Evariste? Hapana, dada." Hata chai anaikataa. Anakuja Jumapili tu, baada ya misa. Pikipiki inamwacha kwenye kona, na kutoka hapo anatembea na fimbo yake. Nyumba zetu zote ni mbao na bati juu ya mawe meusi, hawezi kuzitofautisha. Anatembea mpaka asikie ampli yetu inakoroma, ndipo anageuka kwenye lango.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunajaribu mpya. Sauti ilikuwa safi, kama ya nyumba zingine zote. Kamate akatupita. Jirani yetu Asma alimkuta mbali kule chini akigonga ukuta wa watu, akamrudisha kwa mkono.

"Nyumba yenu imebadilisha sauti," alisema Kamate, nasi tukacheka sana.

Ijumaa hiyo sikuwa na cha kucheka. Saa mbili asubuhi alikuwa amenipigia simu: "Dada, kambi yote inakimbia. Niko natembea na watu. Usitume mutu, nitafika kwa sauti." Simu ikakatika na haikupatikana tena. Evariste alitoka kumtafuta, akarudi mbio. Kwenye barabara kubwa watu wenye bunduki walikuwa wanakamata wanaume wawabebee masanduku ya risasi.

"Ya zamani inabaki," nikasema.

"Mama, tuongee kama watu. Hata hii mpya mjomba ataisikia."

"Ataisikia. Hataijua."

Evariste akafungua mdomo kujibu, na hapo hapo taa ya buluu ikazimika. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Sasa mabomu yalisikika karibu zaidi, bati likatetemeka juu yetu.

Alimasi akajikuna shingo. "Siwezi kuwadanganya siku kama hii. Mpya haikubali betri."

Ya zamani inakubali. Marehemu mume wangu aliinunua Butembo kwa sababu hiyo, maana kwao hakukuwa na umeme. Nyuma ina mahali pa waya mbili, na betri ya kamio, lori la Evariste, ilikuwa pale kwenye kona, chini ya gunia.

Evariste akaitazama betri, hakuigusa.

"Mama, sauti itamuita mjomba, lakini itaita na wengine. Leo wanatafuta nyumba zenye vitu."

Asma alikuwa anatusikia. Akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta: "Mama Evariste, ninakuomba! Leo watu wanaficha hata kuku, wewe unataka kupiga muziki?"

Nikamwambia mwanangu, "Nyumba ni yako na watoto ni wako. Sikulazimishi. Lakini akitupita leo, hakuna Asma wa kumurudisha."

Nikahesabu mabomu matatu. Kisha akavuta gunia, akafunga waya. Muziki ukatoka, ampli ikakoroma. Alimasi akaifunika mpya kwa kitenge, akaibeba kichwani, akatuombea Mungu, akaenda zake.

Muziki haukunitosha. Nikachukua mikro, kipaza sauti chake.

"Kitendawili!"

Tulipokuwa wadogo kule Lubero, mimi na Kamate tulitegeana vitendawili mchana kutwa tukifukuza ndege kwenye ngano. Aliyeshindwa alipaswa kumpa mwenzake mji, ndipo aambiwe jibu. Mimi nilimpa Kamate miji yote niliyofundishwa shuleni. Yeye hakunipa hata mmoja, afadhali alale bila kula.

"Muzee anavuta tumbako usiku na mchana, hakuna anayemuwashia!"

Nje miguu ya watu ilikuwa inapita, mbio, na masufuria yakigongana. Mwanamke mmoja akapiga kelele bila kusimama: "Ni mlima Nyiragongo, mama, unatoa moshi! Zima, watakuua!"

Nikatega tena, na tena.

Lango likagongwa mara tatu, kwa nguvu.

Evariste akang'oa waya. Rosine akaingia chini ya meza na watoto. Likagongwa tena. Hakuna aliyesema ni nani. Bunduki pia inagonga hivyo.

Nilikwenda mpaka langoni kwa magoti yangu haya mabovu, nikaweka mdomo kwenye bati.

"Kitendawili," nikasema polepole.

Mtu alikuwa anapumua upande wa pili.

"Tega," sauti ikajibu, kavu kama majivu.

"Muzee anavuta tumbako usiku na mchana, hakuna anayemuwashia."

Kitendawili hicho alikitunga yeye mwenyewe, akiwa na miaka tisa.

"Nimeshindwa," alisema Kamate.

Hakuwahi kusema hivyo maishani; nikaacha komeo limefungwa. "Basi nipe muji."

"Chukua Mugunga. Chukua yote, dada. Hakuna mutu tena."

Evariste akanisogeza, akafungua. Kamate alikuwa na kiatu kimoja. Alisimama pale, fimbo yake ikipapasa kizingiti bila kukivuka, huku risasi zikilia nyuma yake.

"Ingia, mjomba!"

"Mulizima kwa nini? Nikadhani nimekosea lango." Kisha akauliza chini kwa chini, "Dada, na jibu?"

"Rosine ana maharagwe kwenye moto," nikamwambia. "Jibu utalipata ukishakula."

Akafikiri kidogo. Akabana fimbo kwapani, akanyoosha mkono ili mupwa wake amshike.