Mkato Baada ya "Na"

Ofisini walimwita Mama Nukta, naye hakuchukia. Alikuwa mhariri wa vitabu vya shule. Meza yake ilikuwa pembeni, karibu na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo, na kazi yake ilikuwa kutafuta makosa ya watu. Kazi hiyo ukiifanya miaka mingi inakuingia mwilini. Alikuwa hawezi kupita mbele ya kibao cha kinyozi bila kukitoa kasoro, na hata akiletewa habari ya msiba kwa simu, alisahihisha ujumbe kichwani kwanza ndipo machozi yafuate. Tena alikuwa mtu wa shaka. Sentensi ikija imenyooka mno, alijiuliza imeibwa wapi. Ikija imepinda, alijiuliza aliyeipinda anaficha nini.

Mdogo wake hakufanana naye hata kwa kivuli. Huyu aliuza vyombo vya jikoni mtandaoni, na chumba chake kilijaa sufuria za presha, ndogo na kubwa, mpaka kitanda kilionekana kama kimewekwa juu ya ghala. Wateja wakishanunua waliandika maoni kwenye ukurasa wa duka. Maoni yalimfikia yeye kwanza, na akiyaridhia ndipo watu wote wanayaona. Tatizo lilikuwa uandishi. Watu waliandika kama wanaokimbizwa na mbwa: hakuna nukta, hakuna herufi kubwa, neno moja limekatwa mara mbili, mawili yamegandana.

Siku moja akaja kwa dada yake na ombi. Alitaka ayanyooshe maoni hayo kabla hayajatoka, lugha tu, maana asiiguse. Akasema mnunuzi akikuta maoni ya hovyo, anaona na duka lenyewe ni la hovyo. Mama Nukta alisita kidogo, maana maneno ya mtu ni mali ya mtu. Lakini damu ni damu. Akakubali, na kila mapumziko ya mchana akawa anakula kwa mkono mmoja huku mwingine ukisahihisha sifa za sufuria.

Shaka ilimwingia polepole, kama maji yanavyopanda ukutani. Mteja aliyejiita Mama Pacha aliandika: "Nimeitumia na, sijutii." Mama Nukta akaufuta ule mkato, akaendelea. Baadaye akaja Mpishi wa Kambi: "Maharage yanaiva upesi na, gesi haiishi." Akaufuta na huo. Alipofika kwa Bibi Harusi Mtarajiwa, aliyeandika kwamba sufuria "inang'aa na, inapendeza mezani," alikiweka kijiko chini.

Nani anaweka mkato baada ya "na"? Mtu mmoja, sawa. Lakini watu watatu wasiojuana, kila mmoja na mji wake, wote wavutie pumzi mahali pale pale? Alikuwa anamjua mtu mmoja tu mwenye tabia hiyo, tangu walipokuwa wakiandika barua za kwanza kwenye meza ya jikoni. Alikuwa mdogo wake.

Alijaribu kulitoa wazo hilo, likakataa. Ili kuhakikisha, alimtumia mdogo wake ujumbe wa kijanja, akamwomba amweleze kwa maandishi ni sufuria za aina gani zilizobaki. Jibu likarudi: "Ziko ndogo na, kubwa." Mama Nukta aliisoma simu ile kama daktari anayesoma picha ya mfupa uliovunjika.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa uongo, kilikuwa sehemu yake katika uongo huo. Ikiwa mdogo wake anajiandikia sifa mwenyewe, basi ile mikato ndiyo nyayo zake, na yeye dada mtu ndiye aliyekuwa akipita nyuma na ufagio. Sasa aliielewa ile "nisaidie kuyanyoosha." Walionunua walikuwa wameamini lugha yake.

Kuanzia hapo kila kitu kikawa ushahidi. Alimuuliza mdogo wake kama anamjua huyo Mama Pacha, naye akacheka, akasema wateja wote atawajua kwani yeye ni karani wa uchaguzi? Kicheko alikiona kirefu kuliko mzaha wenyewe. Walipokaa pamoja mdogo mtu aliilaza simu kifudifudi, na hilo nalo likahesabiwa. Akizungumza anafunika jambo, akinyamaza analifunika zaidi. Mtu akishakutilia shaka, hata chafya yako ina maana.

Jumamosi akapiga moyo konde, akaenda. Alimkuta mdogo wake akifunga boksi kwa gundi ya karatasi, roli la gundi likiwa mdomoni. Alimwambia yote: majina matatu, mikato mitatu, ule ujumbe. Mdogo mtu aliitoa gundi mdomoni taratibu.

"Kwa hiyo umenipeleleza."

"Nimekusoma tu."

"Ushahidi wako ni mkato, dada?"

"Mtu anaweza kubadili jina. Namna ya kupumua haibadiliki."

Mdogo wake hakupaza sauti. Alisema kwamba tangu utotoni dada yake huwasoma watu kama karatasi za mtihani, anatafuta pa kuweka wekundu, na kwamba hao Mama Pacha hawajui wala hajawahi kuwaona. Kisha akaenda kuufungua mlango, akasimama kando yake, mpaka mgeni akaelewa.

Mama Nukta alitoka pale moja kwa moja hadi kwa mama yao, kama mtoto aendaye kushtaki. Mama yao alikuwa mpiga chapa zamani, katika ofisi ya bwana mmoja mnene, na hata sasa alipokaa kwenye kiti chake alikaa wima, viwiko vimebana mbavu. Alisikiliza mashtaka mpaka mwisho. Halafu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Mama Pacha ni mimi," akasema.

Binti yake akavuta kigoda, akakaa.

"Na Mpishi wa Kambi. Na yule bibi harusi, japo huyo nilimwonea haya kidogo."

Akaeleza bila wasiwasi. Alikuwa amefungua ukurasa wa duka la mwanawe akakuta maoni machache, yamekaa kinyonge kama wageni wa harusi iliyokosa chakula. Yeye mwenyewe anayo sufuria ile, ndogo, na anaipenda. Basi akaisifu, akaona mtu mmoja hatoshi, akawa watu watatu. Kuhusu mkato, alishangaa kwamba ni kosa. Yule bwana wake wa ofisini alipokuwa akimsomea barua za kupiga chapa, kila akisema "na" alivuta pumzi, maana alikuwa mnene. Naye alifundishwa kuweka mkato kila msemaji anapopumua. Akawafundisha na wanawe hivyo hivyo. Mkubwa aliuacha chuoni, mdogo akabaki nao.

"Lakini mama, ni uongo huo."

"Majina ndiyo uongo. Maharage ni kweli."

Kurudi kwa mdogo wake kesho yake kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Alisimama mlangoni akaomba radhi, akaeleza habari za mama. Mdogo mtu alitaka kucheka kwa ajili ya mama, akajizuia kwa ajili ya dada. Akayafuta maoni ya wale watatu, mmoja baada ya mwingine. Yalipobaki machache ya kweli, akauliza kwa ubaridi kama na haya anayatilia shaka. Mama Nukta, kwa kutojua kunyamaza panapofaa, akasema ingekuwa vizuri kuwapigia wenyewe wahakikishe.

"Haya," mdogo wake akasema. "Tuwapigie wote, roho yako itulie."

Wa kwanza kupokea alikuwa fundi bomba mmoja aliyenunua sufuria kubwa. Simu iliwekwa kwenye kipaza sauti, ikalazwa juu ya boksi. Mdogo mtu alimsalimu kwa heshima, akamuuliza kama ndiye aliyeandika yale maoni mazuri.

"Maoni mazuri yapi?"

Mama Nukta akamsomea: "Sufuria ni nzuri, si kama ile ya zamani iliyokuwa ikifunguka yenyewe."

"Mimi sikuandika hivyo," sauti ikasema. "Nimeyaona hayo kwenye ukurasa wenu nikawaona matapeli. Nikasema potelea mbali, sitawapigia."

Mdogo mtu akatafuta maandishi ya awali kwenye simu yake. Yalikuwepo, mstari mmoja, bila nukta, bila mkato: *sufuria nzuri siyo kama ile ya zamani inafunguka yenyewe*.

Mama Nukta akausoma mstari ule, akausoma tena, na safari hii akasimama mahali pengine. Sufuria nzuri siyo. Kama ile ya zamani, inafunguka yenyewe.

Siku ile alikuwa ametoka kusahihisha sifa nyingine, sifa zimemjaa machoni, akaweka mkato pale ulipompendeza. Onyo likaingia mikononi mwake, likatoka pongezi. Fundi akaendelea kueleza kwamba mfuniko uliachia mvuke ukiwa bado ndani, mkwewe akaungua mkono kuanzia kiganja mpaka kiwiko. Sasa anaendelea vizuri, lakini sufuria waliitupa.

Simu ilipokatika dada wawili hawa hawakutazamana. Mdogo mtu angeweza kusema mengi, na yote yangekuwa haki yake. Alichosema ni, "Nani wengine wamenunua kubwa?"

Walipiga simu mchana kutwa. Mmoja alikuwa bado hajaifungua, mwingine alifunga safari kuirudisha siku hiyo hiyo, mwingine aliwatukana kisha akawashukuru. Tangazo la kuwekwa kwenye ukurasa walilibishania. Mdogo mtu alitaka lianze kwa kuwashukuru wateja wapendwa, Mama Nukta akakataa, na likatoka hivi: "Usiitumie sufuria kubwa. Mfuniko unaweza kufunguka mvuke ukiwa ndani. Tutakurudishia pesa yako." Akabaki mteja mmoja, mwanamke asiyepokea simu. Kifurushi chake kilikuwa kimepelekwa upande wa pili wa mji. Wakachukua anwani, wakaenda.

Lilikuwa jengo la ghorofa lenye ngazi za saruji zilizovunjika kingo. Walisikia cherehani kabla ya kugonga. Mlango ulifunguliwa kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa, na jicho moja likawapima toka juu hadi chini. Nyuma yake palikuwa na harufu ya kunde zinazochemka.

Mdogo mtu alijieleza. Yeye ndiye mwenye duka, sufuria ina hitilafu, wamekuja kuichukua, na pesa hii hapa. Mshonaji yule alisikiliza huku uso wake ukizidi kujifunga. Alisema ameshasikia hadithi za namna hii. Mtu anauziwa kitu kizuri kwa bei nafuu, kesho muuzaji anagundua amejipunja bei, anazua ugonjwa. Akasema hakupokea simu kwa sababu namba asiyoijua ni ya mwizi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mama Nukta, ambaye angesema maneno hayo hayo kama angekuwa upande ule wa mnyororo, alimwomba angalau akazime jiko.

"Nilizime kwa nini? Nilisoma kabla ya kununua." Akatoa simu mfukoni mwa aproni, akayasoma maoni aliyoyahifadhi, kwa sauti, kwa utulivu, kama anayesoma hati mahakamani: "Sufuria ni nzuri, si kama ile ya zamani iliyokuwa ikifunguka yenyewe." Akainua macho. "Hayo mengine ni ya watu waliobabaika. Huyu mmoja nilimwamini. Mtu anayeandika hivi anajua anachosema."

"Ni mimi niliyeandika," Mama Nukta akasema.

Mshonaji akamtazama.

"Mimi sina sufuria hiyo. Sijawahi hata kuipikia. Mwenye maneno alikuwa anaonya, nikayasahihisha yakawa sifa. Kuna mtu ameungua. Nakuomba, zima jiko kwanza, halafu uniambie chochote unachotaka."

Jicho lile lilikaa juu yake muda mrefu. Kisha mlango ukafungwa. Dada wawili walisimama kwenye ngazi bila kujua kama wamefukuzwa. Wakasikia nyayo, wakasikia swichi ya jiko ikizungushwa, halafu kimya. Walisubiri. Ndani, ghafla, kitu kiligonga ukuta kwa kishindo, na mtu akaita jina la Mungu.

Mlango ulifunguka wazi. Mshonaji alikuwa mzima, mkono mmoja kifuani. Nyuma yake, kwenye ukumbi mdogo wa jiko, mfuniko ulikuwa bado unazunguka sakafuni, na kunde zilikuwa zimepakazwa ukutani mpaka darini, zikifuka mvuke. Alikuwa ametoka kuzima, amerudi hatua chache tu kutafuta kitambaa cha kuishikia.

Kisha mdogo mtu akavua viatu, akaingia, akauliza fagio liko wapi.

Walisafisha wote watatu. Mama Nukta alipanda juu ya kigoda akaifuta dari, na mshonaji akawa anamwelekeza pale alipoacha, bila upole na bila ukali. Walipomaliza alikataa kupokea pesa mpaka azihesabu mara mbili, akatilia shaka noti moja, akaiinua kwenye mwanga. Mwishoni akamuuliza Mama Nukta kazi yake ni nini hasa. Alipoambiwa ni mhariri wa vitabu vya shule, akasema mwanawe anavisoma vitabu hivyo.

"Basi atavisoma mbele yangu," akasema, akafunga mlango.

Walishuka ngazi na sufuria ile, kila mmoja ameshika mpini wake, maana ilikuwa nzito na bado ya moto. Mdogo mtu alitangulia, akishuka kinyumenyume. Alisema kwamba yale ya Jumamosi hajayasamehe, asije dada yake akadhani yameisha hivi hivi. Mama Nukta akasema anajua.

"Angalia hapo," mdogo wake akasema. "Ngazi imevunjika."