Rangi ya Shilingi ya Kantengwa

Nilikuwa nimebakiza moja tu kuisugua pale mume wangu Celestin alipoingia jikoni.

"Unafanya nini, Therese?"

"Nasafisha shilingi za baba," nikamjibu, meno yote nje.

Nilikuwa na mwezi mmoja tangu niolewe, kutoka Kamuli kuja Nyaishozi, mwaka wa themanini na nne. Bibi harusi mpya asemwe kwa lolote, si kwa uchafu! Nilishasugua masufuria, nikasugua chemli, nikasugua hata jembe. Siku hiyo nikashusha kopo lililokaa kichanjani, juu ya moshi wa jiko. Ndani mlikuwa na shilingi saba za enzi za Mwingereza, zile za simba, zote zimegeuka rangi. Nikasema masikini wee, fedha za mzee zinaoza. Nikachukua majivu ya maganda ya ndizi, limau, na nguvu za usichana wangu. Kimbelembele kikaniponza.

Celestin alikaa chini sakafuni. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ndipo aliponieleza. Baba yake, mzee Telesfori, alikuwa anazitafuta rangi zile kwa miaka ishirini. Mtu akichimba shimo la kahawa akaibua shilingi ya zamani, alimpelekea. Mzee aliishika ukingoni, kidole kisiguse uso wake, akaizungusha kwenye mwanga. Iliyo nyeupe aliirudisha. Ambayo miaka imeipaka yenyewe dhahabu au kijani, aliitolea mkungu mzima wa ndizi, na watu wakamcheka.

Moja tu hakuipata kwa ndizi. Ilikuwa ya marehemu mkewe, Kantengwa, ujira wake wa kwanza wa kibarua walipoingia nchi hii wakikimbia machafuko ya kwao. Njaa iliwauma, na bado hakuitumia. Ilikuwa ya zambarau kama ua la mgomba, na buluu kuzunguka ukingo. Mzee hakujua kusoma. Aliitambua kwa rangi hiyo tu. Sasa alikuwa kitandani hajiwezi, na alishaagiza azikwe nayo mkononi.

Mungu wangu! Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili asubuhi mzee akaliulizia kopo. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, baba. Nisamehe. Nimezisugua zote."

Celestin akammwagia shilingi juu ya blanketi, zote nyeupe, zote sawa. Mzee akaziinua moja moja, kwa ukingo, kama desturi yake. Alikawia sana. Kisha akaniangalia mimi.

"Usilie, mwanangu. Ya Kantengwa ni hii. Ningeijua hata gizani."

Akaifumbata. Celestin akageukia ukutani. Sote watatu tulijua kwamba hajui.

Jumatano tulimzika nayo.

Sita zilizobaki niliziomba mwenyewe. Nilizirudisha kichanjani, kwenye moshi, na tangu siku hiyo sijazipangusa hata kwa kitambaa. Wanangu wamekua wakijua kwamba kopo lile halishikwi.

Juzi, huu ukiwa mwaka wa kumi na tatu tangu tumzike, nililishusha. Tano zimepata rangi ya chai. Ya sita niliisogeza mlangoni, nikiishika ukingoni, nikaizungusha kwenye mwanga. Katikati ni zambarau. Ukingoni, buluu inaanza.

Celestin sijamwambia. Nimeirudisha koponi, nikaenda kumenya ndizi.